Kuunga Alumini na Chuma katika Bodi za Magari

Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwanza litaonekana kuwa ni la mafundi peke yao, lakini kwa kweli linamhusu kila mtu apandaye gari au atumaye mzigo wake kwa gari. Jambo lenyewe ni jinsi ya kuunga bati la alumini na chuma cha pua.

Naanza na kisa nilichokiona kwa macho yangu. Jamaa yangu mmoja wa Mukendo, mjini Musoma, alikuwa na Land Rover ya zamani, na kwa gari hilo alisomesha watoto wake. Kazi yake ilikuwa kuchukua samaki wa chumvi kutoka ufukoni mwa ziwa. Bati la ubavuni lilipopasuka, alilipeleka gari kwa fundi. Fundi akajaribu kuziba kwa kipande cha bati la chuma na moto wa kulehemu. Bati la gari likatoboka na kudondoka kama nta. Akageuza shauri: akakifunga kipande kile kwa bolti, chuma kikigusana na alumini, kisha akapaka rangi juu. Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Hazikupita masika mbili, rangi ikavimba, na chini yake pakawa na unga mweupe kama chokaa. Siku moja, njiani kwenda Bunda, ubavu ule ukafunguka na mzigo ukamwagika barabarani. Hakuumia mtu, lakini ada ya shule ya muhula ule ilimwagika pamoja na samaki.

Je, fundi yule alikuwa mvivu? La. Alikuwa hodari wa chuma, ila hakujua kwamba gari lile limeundwa kwa madini mawili.

Asili yake ni hii. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, chuma kilikuwa haba katika Uingereza, nacho kiligawanywa kwa kipimo. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu viwanda vya ndege za vita viliitumia sana. Basi Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, chasisi yake ilikuwa ya chuma, na sehemu kubwa ya bodi ilikuwa ya alumini iliyochanganywa na magnesi. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma cha ukubwa uleule, wala haipati kutu nyekundu. Ndiyo sababu watu wengi hudhani haiharibiki kamwe.

Sasa tutazame kwa nini moto haufai. Alumini huyeyuka kwa joto la digrii 660 za Selisiasi. Chuma hungoja mpaka karibu na digrii 1,500. Kabla chuma hakijayeyuka, alumini imekwisha kuwa maji. Tena, madini haya yakiyeyushwa pamoja huzaa kitu cha tatu, kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kiungo cha namna hiyo hakiwezi kustahimili njia zetu za mawe.

Na kugusana kuna hatari gani? Enyi wanafunzi, chomekeni msumari wa chuma na kipande cha shaba katika limau: nguvu kidogo ya umeme itapita. Vivyo hivyo alumini na chuma vikigusana, na maji yakiwapo, huwa betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo iliwayo. Maji ya chumvi huzidisha kazi hiyo, na gari la jamaa yangu lilinyweshwa maji ya chumvi kila siku.

Mabaharia walijifunza somo hili zamani. Mwaka 1761 manowari ya Kiingereza, Alarm, ilivikwa mabamba ya shaba kwa misumari ya chuma. Baada ya miaka michache misumari mingi ilionekana imeliwa. Lakini pale karatasi ya kufungia mabamba ilipokuwa imebaki katikati, misumari ilikuwa mizima. Karatasi tu iliokoa chuma!

Viwanda vikubwa hufuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2003 BMW ilitoa gari ambalo sehemu yake ya mbele ni ya alumini na sehemu ya nyuma ni ya chuma. Mbili hizo ziliungwa kwa ribiti na gundi kali. Ribiti hushika, na gundi hufanya kazi mbili: hushika, tena husimama kama ukuta kati ya madini. Mwaka 2012 Honda ilianza kuunga chuma na alumini chini ya injini ya Accord kwa kusugua. Chombo kinachozunguka kwa kasi huyalainisha madini bila kuyayeyusha, kama wazee walivyopekecha vijiti wakapata joto.

Fundi wa kijijini hana mashine hizo, lakini kanuni anaweza kuzishika. Kwanza, jaribu bati kwa sumaku. Lisiposhika, usiwashe moto. Pili, bati la alumini lizibwe kwa alumini kwa ribiti. Tatu, panapolazimika kukutana na chuma, paka rangi pande zote mbili, kisha weka mpira au gundi katikati, na bolti nayo isiguse bati bila kizuizi. Nne, usitumie ribiti ndogo ya alumini kushika bamba kubwa la chuma, maana italiwa upesi. Mwisho, ziba ukingo maji yasiingie, na osha chumvi na matope kila baada ya safari.

Wazee wa pwani waliunga mbao za mitepe kwa kamba, pasipo msumari hata mmoja, na vyombo vile vikavuka bahari. Hawakuulizana ni kiungo gani kilicho na nguvu kuliko vyote. Waliuliza ni kipi kinachoifaa mbao na maji. Nanyi mpelekapo gari kwa fundi, mwulizeni kwanza: bati hili ni madini gani? Swali hilo halina gharama, nalo laweza kuiokoa ada ya mtoto.