Nani Atashika Daftari Baada Yetu?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa Chama, Buyenzi, Bujumbura)



Nimeombwa kusema juu ya malezi ya viongozi, nami nitaanza kwa aibu yangu mwenyewe. Katibu wetu wa zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofariki, funguo za sanduku tulizipata siku ile ile. Lakini daftari lilitushinda kulisoma. Marehemu alikuwa akiandika kwa alama zake. Katika alama hizo lilikuwamo jina la mjane aliyepewa posho kila mwezi. Miezi 4 ikapita asipate kitu, wala hakuja kudai, kwa kuona haya. Mimi nilikuwa naibu wa katibu kwa miaka 6. Sikuketi naye hata siku moja akanionyesha kazi, wala yeye hakuniita.

Twadhani uongozi hupatikana siku ya kura. Wanavyuoni hawakufanya hivyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947, alisoma kwa jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akasafiri Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait. Naye akafundisha, na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, akashika ukadhi mkuu mwaka 1963, miaka 16 baada ya mwalimu kuzikwa. Mwanafunzi wa darasa hizo huketi mbele ya mwalimu, husoma kwa sauti, husahihishwa, hata apewe ijaza. Sisi wa vyama twampa kijana muhuri kwanza, kisha twamlaumu.

Basi naomba hivi. Kila mwaka tuchague vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Waketi miezi 3 na Katibu, miezi 3 na Mweka Hazina, na waandike wenyewe, si kutazama tu. Baadaye kila mmoja awe na mzee wa kumwendea kwa mashauri mwaka mzima. Tena wapewe nauli na chakula. Jambo hili nalisisitiza, kwani kijana mwenye meza sokoni hawezi kuiacha bure, na tusipomlipa watakuja watoto wa wenye nafasi peke yao. Mfuko ukiruhusu, mmoja apelekwe Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 1988, kwa ahadi ya kurudi kututumikia.

Mzee mmoja ameniambia kuwa vijana hawana subira. Huenda ni kweli. Lakini hao wetu wamesubiri sana mlangoni, na hakuna aliyewakaribisha ndani.

Wazee walio tayari kulea kijana wampe Katibu majina yao kabla ya dua ya kufunga. Langu limekwisha andikwa.

Wabillahi tawfiq.