Mafuta na Ubongo

Msikilizaji, kwa miaka mingi tumeambiwa tuyaogope mafuta, nasi tukayatia yote kapu moja. Hukumu hiyo haiutendei haki ubongo. Ukiuondolea maji, zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta, na aina moja muhimu, DHA ya kundi la omega-3, mwili huitengeneza kwa kiasi kidogo mno. Sehemu kubwa sharti tuile.

Mwezi Mei 2024, watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 92,000 nchini Marekani kwa miaka 28. Waliokula zaidi ya gramu 7 za mafuta ya zeituni kwa siku, kama nusu kijiko cha chakula, hatari yao ya kufa kwa demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, ilikuwa ndogo kwa asilimia 28 kuliko ya wale ambao hawakuyatumia au waliyatumia kwa nadra. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mafuta ndiyo yaliyowakinga. Lakini tofauti ilibaki hata ubora wa mlo wao kwa jumla ulipozingatiwa, na hilo naliona zito.

Chupa ya zeituni ni ghali kwa wengi wetu. DHA, hata hivyo, haitoki kwenye zeituni. Iko kwa samaki: vibua wa pwani, dagaa wa Ziwa Victoria. Inaniuma kuona dagaa wengi wakisagwa kuwa chakula cha kuku, huku mama mjamzito, ambaye ubongo wa mwanawe unajengwa kwa mafuta hayo hayo, akiwakosa sokoni kwa bei anayoimudu.