Deki Ndiyo Inayotangulia Kufa

Naomba leo tuzungumzie zile kanda za video zilizolala masandukuni mwetu hapa Bariadi. Nyingine ni za harusi, nyingine za kipaimara, nyingine za mazishi ya babu. Nyingine ni za ngoma za kiangazi, vikundi vya Bagalu na Bagika vikishindana baada ya mavuno, kila manju akivutia watu kwake, maana mshindi ni mwenye umati mkubwa. Kanda za namna hiyo zilirekodiwa Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Nasema zitolewe na zihamishiwe kwenye kompyuta mwaka huu.

Watu husema, "Kanda ipo, haiendi popote." Kanda ipo, sawa, ila deki ya kuichezea ndiyo inayotangulia kufa. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ilikuwa bado inaunda deki za VHS wenzake walipokwisha kuacha, nayo iliacha Julai 2016. Deki ikiharibika leo, fundi hunyofoa vipuri kwenye deki nyingine iliyokufa. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu kanda za sumaku kama hizi, na mwaka uliotajwa kuwa mpaka wa kuzihamisha ulikuwa 2025.

Kabla hujaichomeka kanda, iinue kwenye mwanga utazame kidirisha chake. Ukiona unga mweupe pembezoni mwa utepe, huo ni ukungu. Usiicheze. Unga ule utahamia kwenye hedi ya deki, na kutoka hapo uambukize kanda zote zitakazofuata. Mpelekee fundi anayejua kuusafisha. Ikiwa safi, na ni VHS, vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti, asije mtoto akabonyeza kitufe chekundu na kurekodi juu ya harusi ya mama yake. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe, utepe ukae sawa.

Katika kuhamisha, kanda za VHS na Video8 hupitia nyaya tatu, wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti, hadi kwenye kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kanda za MiniDV hutumia waya wa FireWire, na kompyuta za sasa hazina tundu lake. Kwa hiyo ile kompyuta kuukuu yenye tundu hilo iliyotupwa stoo msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja huchukua saa moja.

Linaloniumiza ni linalofuata. Saa moja ya MiniDV hula takriban gigabaiti 13, wakati DVD ya kawaida hubeba 4.7 tu. Fundi hulazimika kuibana picha ndipo aichome kwenye diski. Mteja anapewa diski, anafurahi, anaondoka, na lile faili kubwa linafutwa ili kumpisha mteja mwingine. Diski ile itakwaruzika, na kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuiingiza. Nendeni na eksteno yenu ya kuhifadhia data mkadai faili zima. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili akae nayo ndugu aliyeko Mwanza au Dar es Salaam. Diski chomeni pia, bibi aangalie kwenye runinga.

Na siku ya kuhamisha, msimwachie fundi peke yake. Wakalisheni wazee mbele ya runinga na daftari mkononi. Yule aliyevaa shati la kijani nyuma ya bwana harusi ni nani? Manju yule alitoka kijiji gani? Andikeni dakika na jina, maana kompyuta haitawatajia. Na kama fedha inatosha kanda moja tu, anzeni na ile yenye sauti ya mtu ambaye hamna kumbukumbu yake nyingine yoyote.