Kamba ya Debre Damo

Katika Injili ya Dominika hii ya pili ya Kwaresima tumemsikia Petro akiwa mlimani, akitaka kujenga vibanda vitatu. Wengi humcheka. Sisi wa Masagati, tulioizoea milima, twamwelewa: mahali pa juu penye ukimya huvuta moyo.

Wako waliojenga kweli. Kaskazini mwa Ethiopia, katika nchi ya Tigray, upo mlima wenye kilele bapa kama meza, na kingo zake zimekatika wima. Huko juu, katika karne ya 6, Abuna Aregawi, mmoja wa wale waitwao Watakatifu Tisa, alianzisha monasteri ya Debre Damo, iliyo ya ndugu zetu Waorthodoksi. Mapokeo yao yasimulia kwamba nyoka mkubwa alimpandisha kwa amri ya Mungu. Waliomfuata hupanda kwa kamba ya ngozi, mita 15 hivi.

Kanisa la huko ni miongoni mwa makanisa makongwe kabisa ya Ethiopia. Kuta zake ni safu ya mawe, kisha boriti, kisha mawe tena. Magogo mafupi hufunga ukuta, na ncha zake hutokeza nje. Watu wameziita vichwa vya tumbili. Ndivyo walivyojenga mafundi wa Aksum tangu kale, hata minara yao ya jiwe moja waliichonga ikiiga boriti hizo. Darini zimo mbao zilizochongwa wanyama. Lakini mti huchakaa, na mwaka 1948 kanisa lilitengenezwa upya chini ya usimamizi wa Mwingereza Derek Matthews.

Tuitazame zaidi ile kamba. Maji ya wamonaki ni ya mvua, yaliyokingwa katika mashimo yaliyochongwa mwambani. Chakula chao hutegemea watu wa chini, nacho hupandishwa kwa kamba. Mgeni naye hufungwa kamba ya pili kiunoni, mmonaki akaivuta kutoka juu. Basi hata walioukimbia ulimwengu wanaishi kwa mikono ya wengine. Na ubaya wa ulimwengu haukuwasahau: mwaka 2021, wakati wa vita vya Tigray, zilitoka habari kwamba monasteri hiyo imeshambuliwa na kuporwa.

Yesu hakumwacha Petro abaki mlimani. Walishuka, na chini wakamkuta baba mwenye mtoto mgonjwa. Kwetu baba huyo yuko kigangoni, ng'ambo ya mto unaojaa wakati wa masika, asikopata Misa kwa majuma mengi. Anayemshikia kamba ni katekista, mara nyingi peke yake. Kwa mabati ya kanisa twachanga kwa moyo, na ni vema. Kwa safari ya katekista mifuko yetu huwa mizito kufunguka. Kabla ya Dominika ijayo, tumwendee na kumwuliza anakwenda wapi, anavukaje mto, na kama ameondoka nyumbani akiwa amekula.