Unga wa protini tunao nyumbani

Ndugu msikilizaji, juma hili nimeulizwa hapa mjini Bariadi: je, ni lazima kununua unga wa protini wa kopo ili kusaga kinywaji cha asubuhi chenye mboga na matunda?

Jibu langu ni fupi. Si lazima. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unasifika kwa pamba, lakini karanga, choroko na dengu pia tunalima. Gramu 100 za karanga zina protini kiasi cha gramu 25. Kaanga kiganja kimoja, pepeta maganda, twanga. Tia kwenye blenda pamoja na ndizi mbivu, kipande cha papai, mchicha uliochemshwa kidogo, na maziwa yaliyochemka yakapoa. Usichuje, kwani makapi ndiyo yanayosaidia tumbo.

Lakini nina neno zito. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au uchungu, usiitie. Huenda ina sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016 sumukuvu, safari ile ikiwa kwenye mahindi, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Blenda haichagui, mbovu ikishasagwa pamoja na nzima, huioni tena.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, anikeni karanga juu ya turubai, si juu ya udongo. Zihifadhini pakavu. Na kabla ya kusaga, chambueni moja moja. Kopo linataka fedha. Karanga inataka macho.