Mpaka wa Ulimi Unamkinga Nani?



Hakuna nchi inayoruhusu kila neno. Marekani, ambayo tangu 1791 katiba yake inalikataza Bunge kupunguza uhuru wa kusema, nayo ina mpaka: mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mchochezi aadhibiwe pale tu maneno yake yanapokusudia uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na yanaelekea kuuzusha. Ujerumani, kwa kuyakumbuka maangamizi ya Wayahudi, humwadhibu hata anayeyakana hadharani. Zote mbili ni za kidemokrasia, lakini mipaka yao haifanani.

Basi tusiulize tu kama mpaka upo. Tuulize unamkinga nani. Sheria ya uchochezi dhidi ya serikali, tuliyoirithi kwa mkoloni Mwingereza, iliwakinga watawala wasichukiwe. Kwa sheria hiyo, mwaka 1990, Mchungaji Lawford Imunde alihukumiwa kifungo kwa maandishi ya shajara yake mwenyewe. Je, shajara ilimdhuru nani?

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinatulindia uhuru wa kujieleza, ila hakiwapi hifadhi wanaochochea vita, ghasia na chuki. Sisi tuliozika wenzetu mwaka 2008 twajua sababu.

Kila mswada wa kuzuia maneno uletwapo Bungeni, tuusome kabla haujapitishwa, na tuuulize: wamkinga mnyonge asiuawe, au mkubwa asikosolewe? Ukiwa ni wa mkubwa, tuukatae kwa sauti, mchana kweupe.