Gunia la Viazi Mpakani

Wakulima wa viazi mviringo katika udongo wa volkano unaozunguka Gisenyi wanamjua vema adui wao: ukungu unaounguza majani wakati wa mvua. Wataalamu wamezichukua jeni 3 za viazi-mwitu vya Meksiko na Argentina, wakazipachika katika kiazi Victoria kwa msaada wa bakteria wa udongoni. Katika majaribio ya Uganda, kiazi hicho kilihimili ukungu bila kunyunyiziwa dawa. Jambo kubwa hilo kwa mkulima mnyonge.

Sheria ya Rwanda iliyotangazwa mwaka 2024 haikuharamisha mimea ya namna hii, bali yataka kibali. Hapo ndipo penye ugumu kwa askari anayelinda mpaka wa Goma: magunia yote hufanana machoni, na jeni huonekana maabara tu.